Mnyama Gani kwa Swali Gani: Mwongozo wa Kuchunguza Utafunaji

Kabla hujaagiza sungura hata mmoja, chukua karatasi uandike sentensi moja: unataka kujua nini kuhusu kutafuna? Usiandike "mwendo wa taya", maana hiyo ni mada tu. Andika kitu ambacho matokeo yanaweza kukikataa. Je, msuli wa shavuni ukidhoofika, mfupa ulioshikana nao hupungua? Au: je, ubongo ni lazima upate habari kutoka kwenye meno ili mdundo wa kutafuna uendelee? Maswali haya yote mawili ni ya taya, lakini mnyama anayefaa kwa moja anaweza kukupotezea mwaka mzima kwa lingine. Mapendekezo mengi ya utafiti huanzia upande usio wake: banda la panya lipo chuoni, basi linatafutwa swali la kuwafaa panya.

Kutafuna ni kazi ya wengi kwa pamoja: mifupa na kiungo chake, misuli, neva, na meno yanayokutana na chakula. Hakuna mnyama anayefanana na binadamu katika yote hayo. Kwa hiyo kazi yako ni kujua ni sehemu gani hasa unayoichunguza, kisha umtafute mnyama ambaye sehemu hiyo, walau hiyo, inakaribiana na yetu.

Tuseme unachunguza kiungo cha taya, kile unachokisikia kikicheza ukiweka kidole mbele ya sikio na kufungua mdomo. Hapa nguruwe anawapita wanyama wote wa maabara wasio jamii ya nyani. Ukubwa wa kiungo chake, umbo la kichwa cha mfupa, na kile kisahani cha nyuzi ngumu kinachokaa katikati ya mifupa miwili vinakaribia vyetu vya kutosha hata kwa majaribio ya upasuaji. Nusu mbili za taya lake la chini zimeungana kidevuni kuwa mfupa mmoja, kama letu. Anakula kila kitu, na magego yake yana vinundu butu vya kupondea. Maabara ya Susan Herring katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, ilijenga sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu misuli na viungo vya taya kwa kutumia nguruwe wadogo wa maabara. Udogo huo una sababu yake: nguruwe wa kawaida wa kufugwa anaweza kufika kilo 100 akiwa na miezi sita hivi, na hapo hakuna meza wala mashine ya eksirei itakayomtosha.

Lakini nguruwe naye ana yake. Ana meno 44, sisi 32. Tena akitafuna, mara nyingi taya lake huenda kulia, kisha kushoto, kisha kulia, likibadili upande kila linapofunga. Binadamu hukaa upande mmoja kwa mitafuno kadhaa ndipo ahame. Ukiwa unauliza juu ya mzigo unaokiangukia kiungo cha upande unaotafunia, tofauti hiyo si ndogo, na msomaji wako makini ataiuliza ukurasa wa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu havilitaji, nalo katika pwani yetu ni zito. Uliza kwanza wenzako wa maabara kama wako tayari kumshika nguruwe, kumlisha na kuosha banda lake. Mhudumu Mwislamu asilazimishwe, wala asigundue habari hiyo siku lori linapoingia. Wengine huhamia kwa kondoo kwa sababu hii, na si uamuzi mbaya: kondoo ametumika sana kwenye upasuaji wa kiungo cha taya. Kumbuka tu kwamba huyo ni mnyama anayecheua, na namna yake ya kusaga ni nyingine kabisa.

Ikiwa swali lako ni la neva, sungura ndiye mwenye historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wengi waliamini kwamba kutafuna ni mfululizo wa mishtuko: chakula kinabonyeza ufizi, mdomo unafunguka, kufunguka kunaivuta misuli, mdomo unafunga, basi mzunguko unaanza upya. Sherrington, Mwingereza aliyechunguza mishtuko hiyo kwa paka, aliandika juu yake mwaka 1917. Maelezo hayo yalivutia kwa urahisi wake. Mwaka 1971 Dellow na Lund wakayajaribu kwa njia ambayo bado naiona kuwa mojawapo ya safi zaidi katika fani hii. Walitenganisha ubongo wa juu wa sungura na shina la ubongo, wakampa dawa ya kulegeza misuli hadi taya likatulia tuli, halafu wakachochea kwa umeme njia zinazoshuka kutoka juu. Taya halikusogea hata kidogo. Kwa hiyo hapakuwa na ufizi uliobonyezwa wala msuli uliovutwa. Hata hivyo, neva zinazoelekea kwenye misuli ya taya na ulimi ziliendelea kutuma mafungu ya ishara kwa mdundo uleule wa kutafuna.

Maana yake ni kwamba mdundo unatengenezwa ndani ya shina la ubongo lenyewe. Habari kutoka kwenye meno na misuli zinaurekebisha: zinaongeza nguvu chakula kikiwa kigumu, zinasimamisha taya ukiuma jiwe kwenye wali. Ila haziuanzishi. Angalia jinsi mnyama alivyolifaa swali. Sungura hutafuna kwa mdundo ulio sawa na wa haraka, hivyo mafungu ya ishara yanatambulika bila kubahatisha. Kama swali lingekuwa la umbo la kiungo, sungura huyohuyo asingefaa: nusu za taya lake hazijaungana kidevuni kuwa mfupa mmoja, na magego yake hayaachi kukua maisha yake yote.

Panya wa maabara na panya wadogo weupe wana faida ya bei, nafasi, na jeni zinazoweza kuhaririwa. Wana meno 16 tu: manne ya mbele ya kuguguna, na magego 12, na katikati pengo tupu. Panya anapoguguna, taya la chini husogea mbele na magego yanaachana. Anapotafuna, linarudi nyuma na sasa meno ya mbele ndiyo yanayoachana. Hawezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kusaga kwake ni kwa kwenda mbele na nyuma zaidi kuliko kwenda pembeni. Kwa hiyo panya anafaa kwa maswali ya jeni, ya ukuaji wa mfupa, ya maumivu, ya seli za neva. Ukitaka kusema lolote kuhusu mwendo wa pembeni wa taya la binadamu, mwache.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa kuchagua mnyama kwa akili ni wa pimbi, yule yule anayeota jua kwenye majabali ya Serengeti. Mwaka 2004 Daniel Lieberman na wenzake huko Harvard walitaka kujua kama chakula laini, kilichopikwa, kinaweza kuwa kimechangia nyuso za binadamu kuwa ndogo. Panya na nguruwe wana pua ndefu zinazotangulia mbele ya fuvu, hivyo nguvu za kutafuna hupita usoni mwao kwa njia tofauti na kwetu. Uso wa pimbi umeingia nyuma zaidi, chini ya fuvu, kwa mpangilio unaokaribia wetu. Wakawalea pimbi katika makundi mawili, moja likila vyakula vibichi au vikavu, jingine vyakula hivyohivyo vikiwa vimepikwa. Waliokula vya kupikwa walikuwa na ukuaji pungufu kwa kama asilimia 10 katika sehemu za chini na nyuma za uso, zile zinazobeba mzigo mkubwa wa kutafuna. Pimbi si jamaa yetu wa karibu. Ndugu zake ni tembo na nguva. Alichaguliwa kwa umbo la uso wake peke yake.

Nyani na kima waache mwisho, na mara nyingi usiwafikie kabisa. Gharama ni kubwa, vibali ni vigumu, na uzito wa kimaadili hauhitaji maelezo. Lakini kuna njia ya kuwatumia bila kuwagusa. Tangu Mary Leakey alipookota fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, kule Olduvai mwaka 1959, watu wamebishana kiumbe huyo mwenye magego makubwa mno alikuwa anatafuna nini. Mwaka 2014 Gabriele Macho alizirudia kumbukumbu za zamani za ulaji wa nyani wachanga wa Amboseli, zilizokusanywa kwa kuwatazama tu, akapendekeza kwamba vinundu vya ndago, vile vinavyochimbwa ardhini, vingeweza kumshibisha. Mtu mwenye daftari, saa na subira alizalisha takwimu ambazo zilikuwa na kazi miongo kadhaa baadaye.

Na wewe anza hivyohivyo, kwa mbuzi. Kaa karibu na mbuzi aliyelala kivulini akicheua na utazame upande wa kushoto wa shingo yake. Utaona donge likipanda kutoka chini hadi kooni, haraka, kama lifti. Kisha kimya kifupi, mbuzi akimeza maji yaliyokuja na donge. Halafu taya la chini linashuka, linakwenda upande mmoja, linapanda, linasaga kuelekea katikati. Taya lake la chini ni jembamba kuliko la juu, kwa hiyo magego ya pande mbili hayawezi kukutana kwa pamoja; lazima achague upande. Mbele, juu, hana meno. Ana ufizi mgumu. Hesabu mitafuno kuanzia donge linapopanda hadi linaposhuka. Rudia kwa madonge kumi. Utashangaa jinsi hesabu zinavyokaribiana, na pia utagundua matatizo yote ya kipimo chako kabla hayajakugharimu: ulipoteza hesabu nzi alipomsumbua, hukuandika upande, hukujua kama donge lile la mwisho ulilikatiza wewe kwa kukohoa.

Siku hiyohiyo pita buchani uombe kichwa cha mbuzi kabla hakijaenda kwenye supu. Chuna ngozi ya shavu. Msuli wa shavuni utauona mara moja, mnene, na ukiuchana taratibu utakuta tabaka za nyuzi zinazokwenda pande tofauti: za juu zimelala kwa mshazari kuelekea mbele, za ndani zimesimama zaidi. Panda juu hadi panjani, uone msuli mwingine ulivyo mdogo kwa mbuzi. Kwa mbwa na paka mambo ni kinyume, msuli wa panja ndio mkubwa, kwa sababu wao hukata nyama kwa kufunga taya kama mkasi na hawasagi. Fungua kiungo kwa kisu kidogo utafute kile kisahani cheupe. Fundi wa upasuaji ambaye hajawahi kukiona kwenye kichwa cha buchani hana sababu ya kukitafuta kwa mnyama aliye hai.

Sasa vipimo. Mzunguko mmoja wa kutafuna huwa na hatua nne: taya hufunga haraka hadi meno yaguse chakula, hufunga polepole huku yakisaga, hufunguka polepole ulimi ukikusanya chakula, kisha hufunguka haraka. Hatua hizi ndizo utakazozipima, kwa hiyo kamera yako iweze kuzitenganisha. Panya hutafuna kama mara tano kwa sekunde. Video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde itakupa picha sita tu kwa mzunguko mzima, na kusaga kwenyewe huenda kukaangukia kwenye picha moja au mbili. Simu nyingi za sasa hupiga picha 240 kwa sekunde. Hapo unapata 48. Binadamu, anayetafuna kama mara moja au moja na nusu kwa sekunde, hana shida hiyo, na ndiyo maana watu waliozoea kupima wagonjwa hukosea wanapohamia kwa panya.

Weka alama kidevuni na nyingine kwenye pua, ili mwendo wa kichwa uweze kutolewa kwenye mwendo wa taya. Bila alama ya pili, panya akitikisa kichwa utaandika kwamba amefungua mdomo. Ngozi nayo huteleza juu ya mfupa, hivyo alama ya nje haifai kwa vipimo vya chini ya milimita. Hapo ndipo eksirei ya video inapoingia. Crompton na Hiiemae waliitumia kwa oposamu wa Marekani, na mwaka 1970 walichapa matokeo, wakimchagua kwa sababu magego yake yanafanana na ya mamalia wa kale. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brown walichapa njia ya kuunganisha video mbili za eksirei na umbo la mifupa ya mnyama huyohuyo kutoka kwenye mashine ya skani. Vipande vidogo vya metali vikipandikizwa kwenye mifupa, mwendo unapimwa kwa usahihi wa kama milimita 0.1. Ni kifaa cha wenye fedha. Kwa maswali mengi ya shahada ya uzamili, kamera moja nzuri na waya za kurekodi umeme wa misuli zinatosha.

Chakula nacho ni sehemu ya kifaa. Kata karoti kwa ukubwa mmoja, zipime kwa gramu, zitoke kwenye fungu moja la siku moja. Karoti ya juzi imelegea, na taya litalijua hilo kabla yako. Tofautisha chakula kigumu kinachovunjika, kama mahindi makavu, na chakula kinachong'ang'ania, kama majani au nyama. Misuli huvifanyia kazi tofauti. Mzoeshe mnyama kwa banda, kamera na sauti yako kwa siku kadhaa kabla ya kurekodi. Mitafuno ya kwanza ya kila tonge, ambapo chakula kinapangwa mdomoni, na ya mwisho kabla ya kumeza, iweke kando na uichambue peke yake.

Kisha kuna kosa la takwimu linalorudi kila mwaka. Una sungura watatu, kila mmoja umemrekodi mitafuno 200, unaandika kwamba una sampuli ya 600. Huna. Una sungura watatu. Mitafuno ya mnyama mmoja inafanana kwa kuwa ni ya mnyama mmoja, na hakuna wingi utakaogeuza watatu kuwa 600. Mwone mtaalamu wa takwimu kabla ya kununua wanyama; baada ya hapo atakachoweza ni kukupa pole.

Kuhusu ustawi, Russell na Burch waliweka misingi mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, boresha namna ya kumtunza. Katika utafiti wa kutafuna misingi hii inagusa takwimu moja kwa moja. Mnyama mwenye maumivu mdomoni hatafuni kama kawaida. Ukibana pesa ya dawa ya maumivu baada ya upasuaji, utakuwa unapima maumivu na kuyaita mwendo wa taya. Sungura ni wa kuangaliwa zaidi. Asipokula kwa siku nzima matumbo yake yanaweza kusimama, na huko ni kufa. Mpime uzito kila asubuhi, tazama kinyesi chake, weka majani laini tayari kabla hajaamka kutoka kwenye dawa ya usingizi. Panya ambaye meno yake ya mbele hayakutani vizuri baada ya jaribio yatamrefukia hadi ashindwe kula. Yakague na uyapunguze. Tangu 2010 kuna mizani ya kusoma maumivu usoni mwa panya, kwa macho, masikio na mashavu. Ila ikiwa jaribio lako limegusa misuli ya uso, mizani hiyo haitasema kweli. Tegemea uzito na tabia.

Vibali vianze mapema kuliko unavyodhani. Kamati ya maadili ya chuo chako ni hatua ya kwanza. Kwa Tanzania kuna COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mnyama akiwa wa porini, hata pimbi wa mlimani nyuma ya hosteli, kuna TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI. Mshirikishe daktari wa mifugo tangu mwanzo, na jina lake liwe ndani ya pendekezo.

Baada ya yote hayo bado utakutana na kishawishi cha kuruka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mgonjwa. Chukua sindano za sumu ya botulini, ambazo watu huchomwa shavuni kwa kusaga meno usingizini au kwa kutaka uso mwembamba. Mwaka 2012 Katherine Rafferty, Herring na wenzao walichapa matokeo ya sungura waliochomwa sumu hiyo kwenye msuli wa shavu wa upande mmoja: mfupa ulipungua kwenye kiungo na kwenye sehemu inayoshika magego ya upande huo. Ni onyo la kuchukuliwa kwa uzito, na ni sababu tosha ya kuwapima wagonjwa wenyewe kwa picha za mifupa. Lakini sungura husaga majani kutwa kucha, msuli wake wa shavuni ni mkubwa mno ukilinganisha na wa panja, na magego yake yanakua bila kukoma. Andika matokeo yako kwa kiwango hicho: hiki kilitokea kwa sungura, kwa kipimo hiki cha dawa, kwa muda huu, kwa binadamu inafaa kutazamwa hapa na hapa.

Katika ripoti taja aina ya mnyama, ukoo wake, jinsia, umri kwa wiki, uzito, alikotoka, alikula nini kabla ya jaribio na wakati wa jaribio, alirekodiwa saa ngapi, na wangapi uliwaondoa kwenye takwimu na kwa nini. Mwongozo wa ARRIVE, uliotoka 2010 na kurekebishwa 2020, una orodha kamili na majarida mengi huidai. Video ghafi zihifadhi mahali pawili, kila faili ikiwa na namba ya mnyama, tarehe na chakula katika jina lake.